Cheti Kisicho na Jiwe

Kenya haina mgodi wa almasi. Ina tsavoraiti ya kijani huko Taita, ina yakuti Mangare, na mchanga wa Kwale umetoa zirkoni iliyokuwa ikipakiwa melini hapa Likoni kwa takriban miaka kumi. Almasi ya kuchimba na kuuza haina. Hata hivyo mwaka 1990 kampuni moja ya Nairobi, Goldenberg International, iliiomba serikali haki ya kuwa muuzaji wa pekee wa dhahabu na mapambo ya almasi kutoka Kenya, na ikakubaliwa.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Sheria ilimruhusu mwenye kuuza bidhaa nje alipwe na serikali fidia ya asilimia 20 ya thamani ya mauzo yake, ili apate moyo wa kuleta fedha za kigeni. Goldenberg, iliyokuwa ya Kamlesh Pattni na mkuu wa ujasusi wa wakati ule, James Kanyotu, iliahidi kuingiza dola milioni 50 kwa mwaka, ikataka ilipwe asilimia 35. Ikapewa. Tangu hapo pesa zikawa zinafuata karatasi. Fomu ikisema dhahabu imetoka, basi imetoka. Hati ikisema ni mapambo ya almasi ya thamani fulani, thamani ndiyo hiyo. Baadhi ya makampuni ya ng'ambo yaliyoandikwa kuwa wanunuzi yalipotafutwa hayakupatikana. Tume ya Jaji Samuel Bosire, iliyoundwa 2003 na kutoa ripoti yake 2006, ilikaa vikao vingi ikifukua mambo hayo. Mabilioni ya shilingi yalikuwa yameshalipwa kwa mauzo ambayo mengi hayakuwapo, na aliyelipia ni mwananchi aliyekwenda dukani akakuta bei ya unga imepanda.

Aliyestuka mapema alikuwa karani. David Munyakei alifanya kazi Benki Kuu, katika idara iliyoshughulikia fedha za wauzaji wa nje, na makaratasi ya Goldenberg yalipita mezani kwake. Aliona malipo makubwa mno, tena yakipitishwa kwa haraka isiyo ya kawaida. Akatoa nakala, zikafika kwa wabunge wa upinzani, na mwaka 1993 Bunge likalipuka. Munyakei alikamatwa, akashtakiwa kwa kutoa siri za serikali, mashtaka yakaondolewa, lakini kazi hakurudishiwa. Alikuja Mombasa, akasilimu, akaoa, akatafuta riziki huku kwetu kama mtu mwingine yeyote. Mwaka 2004 shirika la Transparency International lilimtunuku kwa uadilifu wake. Alifariki 2006 akiwa maskini. Mimi naona aibu kila nikikumbuka kwamba mtu aliyefanya kazi ya ukaguzi ambayo taasisi nzima hazikuifanya alimaliza maisha hivyo.

Nimeanza na Goldenberg kwa kuwa watu wengi wa huku bara ya Mombasa, ukiwatajia udanganyifu wa vito, akili yao huenda moja kwa moja kwenye jiwe: kwamba mtu atauziwa chupa iliyokatwa vizuri. Hilo lipo. Lakini hasara kubwa zaidi huingia kupitia karatasi, na karatasi haichunguzwi na mtu kwa sababu ina muhuri, ina namba, na siku hizi imepigwa plastiki.

Hapa nitatoa kisa cha kubuni, ambacho kila kipande chake chaweza kutokea wiki hii hii. Kijana wa Magongo, Changamwe, ana mjomba Mwatate. Mjomba anamtumia habari kwamba kuna kifungu cha mawe ya kijani yaliyokatwa tayari, matano, na mwenye nayo ana shida ya karo. Kijana anachukua mkopo wa chama, anapanda gari hadi Voi, anarudi na mawe. Si mjinga. Kabla ya kutoa pesa amedai cheti, na cheti ameonyeshwa: kadi ndogo ya plastiki, picha ya jiwe la kijani, maneno kwamba mawe yamepimwa na ni ya asili, muhuri wa buluu, sahihi. Anarudi nyumbani ana amani.

Anakwenda Nairobi kwa mnunuzi. Mnunuzi anayatandaza juu ya karatasi nyeupe, anachukua lupu ya kukuza mara kumi, anayatazama moja baada ya jingine bila kusema neno. Matatu anayaweka kulia, mawili kushoto. Kisha anamwambia, "Kijana wangu, haya ya kulia ni tsavoraiti. Haya mengine ni vioo."

Kijana anatoa kadi yake. Hapo ndipo funzo lilipo, kwa hiyo tuitazame kadi ile taratibu, kama alivyoitazama mnunuzi.

Ilikuwa kadi moja kwa mawe matano. Haikuandika uzito wa jiwe hata moja, wala vipimo vya urefu na upana, wala umbo. Hakuna mtu duniani angeweza kujua kadi ile ilizungumzia jiwe lipi. Huenda mawe yaliyopimwa siku ile yote matano yalikuwa halali, mawili yakabadilishwa njiani. Huenda lilipimwa moja tu. Haikutaja njia ya kupima. Kijana alipopiga simu kuuliza, fundi aliyetia sahihi kadi ile akamjibu kwa uaminifu kabisa kwamba ana ile kalamu ya umeme inayolia ikigusa jiwe halisi. Kalamu ile hupima jinsi jiwe linavyopitisha joto. Imetengenezwa kutofautisha almasi na mawe ya kuigiza, na hata hapo hudanganywa na moisanaiti, inayopitisha joto karibu sawa na almasi. Kwa tsavoraiti, ambayo ni jamii ya garneti, haikusaidii kitu cha kutegemewa. Fundi hakuwa mwizi. Alikuwa anapima kitu ambacho chombo chake hakikuundwa kukipima, na hakukuwa na mtu juu yake wa kumwambia hivyo.

Je, ingetakiwa nini? Garneti na kioo hutengana kwa kazi ya dakika chache ikiwa mpimaji anajua kazi yake. Kwa lupu, ndani ya kioo mara nyingi huonekana viputo vya hewa, vya mviringo kamili, na mistari ya mzunguko kama sharubati iliyokorogwa ikaachwa itulie. Ndani ya tsavoraiti kuna vitu vingine: vifuwele vidogo, nyufa zenye umbo la unyoya. Kisha jiwe hulazwa kifudifudi juu ya refraktomita, chombo kinachopima jinsi jiwe linavyopinda mwanga, likiwa limetangulia chini yake tone dogo la majimaji maalumu, na mpimaji anachungulia kwenye kijidirisha mpaka aone kivuli kinakatikia kwenye namba gani. Tsavoraiti hukata karibu na 1.74. Kioo cha kawaida hukata chini sana, kwenye 1.5 na kitu. Zumaridi, ambayo nayo ni ya kijani na huuzwa kwa jina lolote lile muuzaji analotaka, hukata karibu na 1.58. Halafu jiwe hupimwa hewani, likapimwa tena likiwa limening'inizwa majini, na kutokana na tofauti ya uzito hupatikana uzani wake ukilinganishwa na maji: tsavoraiti kama 3.6. Namba zikikubaliana, jina linatoka lenyewe. Zikigongana, mpimaji mwaminifu husimama na kusema hajui bado.

Hivi vyote ni vyombo vidogo. Refraktomita inaingia kwenye mfuko wa koti. Kwa hiyo tofauti kati ya maabara na chumba chenye vyombo iko mahali pengine kabisa.

Iko kwenye maswali haya. Mizani ile ilisawazishwa lini, na nani, kwa mawe ya uzani yaliyothibitishwa na nani? Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Jiwe la karati 1.00 na la karati 0.99 macho hayatofautishi, lakini sokoni bei yake haiko sawa, maana wanunuzi hulipia namba nzima. Mizani ikipotoka kwa kiasi kidogo kama hicho, mtu amenyang'anywa na hakuna aliyemwibia. Refraktomita ilijaribiwa asubuhi kwa jiwe linalojulikana? Mpimaji alijifunza wapi, na mara ya mwisho alipopewa jiwe asilolijua kama mtihani alilipata? Jiwe lilipopokelewa liliwekwa alama gani ili lisichanganyike na la mteja mwingine? Mpimaji ni ndugu wa muuzaji? Analipwa zaidi cheti kikitoka kizuri? Mteja akilalamika, malalamiko yanaandikwa wapi?

Maswali haya yamekusanywa na kupangwa katika kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO/IEC 17025, ambacho toleo lake linalotumika sasa ni la 2017. Hakikuandikwa kwa ajili ya vito peke yake. Maabara ya maji, ya saruji, ya mafuta, ya chakula, zote hupimwa kwa kiwango hicho hicho. Kwa almasi zilizosuguliwa kuna pia ISO 24016 ya mwaka 2020, inayoeleza istilahi na njia za kupanga madaraja ya rangi, usafi, ukataji na uzito. Lakini kuwa na kitabu cha kiwango kabatini si ushahidi kwamba kinafuatwa. Anayethibitisha hilo hapa Kenya ni KENAS, taasisi ya ithibati, ambayo tangu 2019 ina sheria yake yenyewe. Wakaguzi wake huenda maabara, hukaa na wapimaji, huwatazama wakipima, hufungua madaftari, huuliza jibu hili lilipatikanaje, na baada ya kutoa ithibati hurudi tena kukagua. Kwa kuwa KENAS imo katika makubaliano ya kimataifa ya taasisi za ithibati, jibu la maabara yenye ithibati yake linatarajiwa kukubaliwa pia na taasisi nyingine zilizotia sahihi.

Wengi huichanganya KENAS na KEBS, na sishangai, maana majina yamekaribiana. KEBS ndiyo yenye viwango vya bidhaa na ile alama unayoiona kwenye pakiti ya unga. KENAS huwakagua wale wanaopima na kukagua wengine. Hata maabara za serikali hukaa mbele yake zikahojiwa, na inapaswa iwe hivyo.

Kuna jambo moja la ithibati ambalo laiti lingetangazwa misikitini na makanisani. Ithibati haitolewi kwa jengo wala kwa jina. Hutolewa kwa vipimo vilivyotajwa kimoja kimoja, katika waraka unaoitwa mawanda ya ithibati. Maabara yaweza kuwa na ithibati ya kupima usafi wa dhahabu na isiwe nayo ya kutambua vito. Yaweza kuwa nayo ya kupima uzito na isiwe nayo ya kupanga rangi ya almasi. Mtu akikuonyesha nembo ya ithibati, muulize: ni ya kipimo kipi? Leseni ya biashara ya kaunti haijibu swali hilo. Leseni ya kufanya biashara ya madini chini ya Sheria ya Madini ya 2016 ni lazima kwa muuzaji, na uidai, lakini nayo haijibu swali hilo. Hata cheti cha ISO 9001, ambacho ofisi nyingi hukitundika ukutani kwa fahari, husema tu kwamba ofisi ina utaratibu wa kuendesha mambo yake. Hakisemi kwamba jibu lake kuhusu jiwe ni sahihi.

Sasa nirudi kwenye hadhari, maana ningekuwa nimewadanganya wasomaji kama ningewaacha wadhani kuwa jina kubwa au nembo ni kinga tosha. Wakubwa wenyewe wameteleza.

Taasisi ya GIA ya Marekani, iliyoanzishwa 1931, ndiyo iliyoipa dunia namna ya kuielezea almasi kwa rangi, usafi, ukataji na karati. Ripoti yake ndiyo inayoheshimiwa kuliko zote. Mwaka 2005, baada ya kesi iliyofunguliwa na mfanyabiashara mmoja na tuhuma kwamba wapimaji walikuwa wakihongwa ili wapandishe madaraja ya mawe, GIA ilifanya uchunguzi wa ndani na kuwafukuza wafanyakazi wanne wa maabara yake ya New York. Almasi ikipandishwa daraja moja tu la rangi na moja la usafi, bei yake yaweza kubadilika kwa maelfu ya dola, na jiwe lenyewe halijabadilika hata chembe. Miaka kumi baadaye, Oktoba 2015, taasisi hiyo hiyo ilitangaza kwamba watu waliowahi kufanya kazi kwa kampuni iliyokuwa ikihudumia kompyuta zake walikuwa wameingia kwenye kumbukumbu na kubadilisha madaraja. Ripoti za almasi 1,042 zikafutwa, na wenye mawe wakaombwa wayarudishe yakapimwe upya. Naitaja GIA kwa heshima, kwa kuwa ilisema hadharani. Maabara isiyowahi kufuta ripoti yake hata moja ningeiogopa zaidi.

Lingine lilikuwa la EGL. Maabara zilizotumia jina hilo katika baadhi ya nchi zilikuwa zikitoa madaraja ya juu kuliko ambayo wapimaji wengine wangetoa kwa jiwe lile lile. Wafanyabiashara walilijua. Wakawa wanauziana wao kwa wao kwa bei iliyopunguzwa kufidia udhaifu huo, kisha dukani mteja wa mwisho, bwana harusi asiyejua lolote, anauziwa kana kwamba daraja ni halali. Hatimaye Oktoba 2014 soko la mtandaoni la RapNet, ambalo ni kubwa miongoni mwa wauza almasi, liliacha kuorodhesha mawe yenye ripoti za EGL. Angalia ni nani aliyebeba hasara. Wenye biashara walikuwa wamejikinga miaka mingi kwa kujua siri. Aliyeumia ni yule aliyeamini kwamba vyeti vyote ni sawa.

Siku hizi kuna ujanja mwingine, wa kuchora. Almasi nyingi zenye ripoti huchorwa kwa leza namba ndogo sana kwenye ukingo, isiyoonekana kwa macho matupu. GIA imewahi kuletewa mawe yaliyokuzwa maabara, ambayo mtu ameyachora namba ya ripoti ya almasi ya asili. Namba inasomeka, ripoti ipo, ukiitafuta kwenye intaneti unaiona. Kinachomuumbua ni vipimo: uzito unatofautiana kwa sehemu ya mia ya karati, kipenyo kinatofautiana kwa sehemu ndogo ya milimita. Kwa hiyo mtu anayekagua namba bila kulipima jiwe upya amekagua nusu.

Jirani zetu Tanzania wana kisa chao ambacho mimi hukitumia kuwakumbusha watu kwamba ripoti ya jiwe na bei ya jiwe ni vitu viwili. Mwaka 2017 shehena ya almasi za mgodi wa Williamson, Mwadui, ilizuiwa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Nyaraka zilisema ina thamani ya dola milioni 14.798. Kamati ya serikali ikasema thamani ni dola milioni 29.5. Kampuni iliyouendesha mgodi, Petra Diamonds, ilikana kufanya kosa lolote, waziri mmoja na naibu waziri mmoja walijiuzulu, na shehena ikakaa kizuizini miaka. Siwezi kuamua hapa nani alikuwa na haki. Ninachokiona ni kwamba watu wawili walitazama mawe yale yale wakatofautiana kwa nusu, na hapakuwa na njia iliyokubaliwa na pande zote mbili kabla ya ugomvi. Maabara nzuri itakwambia jiwe ni nini, lina uzito gani, limefanyiwa nini. Bei ni mashauriano. Anayekupa cheti cha utambuzi chenye bei kubwa chini yake mara nyingi anakuuzia bei.

Nimesema limefanyiwa nini, na hapo nataka kuwasemesha akina mama na akina dada wa Kisauni na Likoni wanaonunua pete za yakuti. Yakuti nyingi nyekundu za bei nafuu zinazozunguka duniani tangu miaka ya 2000 zilikuwa mawe yaliyojaa nyufa, yakasafishwa kwa asidi, kisha yakajazwa kioo chenye madini ya risasi mpaka nyufa zikapotea machoni. Ni yakuti kweli, na ni kioo pia. Muuzaji akikwambia "ni yakuti ya asili" hajasema uongo mtupu. Lakini kioo kile kinaliwa na vitu vya jikoni. Wapimaji wameonyesha kwamba hata maji ya ndimu yanaweza kukichimba. Mama anayekamua ndimu juu ya samaki kila mchana, pete ikiwa kidoleni, anaweza kuiona yakuti yake ikifanya ukungu na mistari myeupe, akadhani imechakaa kwa uzee. Sonara akiipasha moto ili kupanua pete, kioo huyeyuka. Ripoti ya maabara inayostahili jina lake ingeandika wazi kwamba jiwe limejazwa, na kwa kiasi gani, na ingeonya kuhusu moto na asidi. Kadi ya plastiki haiandiki hivyo kwa sababu anayeinunua kadi ni muuzaji.

Nasema kwa uchungu kwamba watu wa bara wa mji huu wako katikati ya njia ya vito na hawana pa kuvipima karibu. Barabara na reli kutoka Voi huingilia Miritini na Changamwe. Uwanja wa ndege wa Moi uko Changamwe hiyo hiyo, na ndege zake zinakwenda Ghuba. Ukivuka Likoni ukaelekea Kwale, huko ndani Kuranze kuna wachimbaji wa tsavoraiti. Jiwe lililopewa jina la Tsavo na Tiffany ya New York mwaka 1974 hupita Mombasa mfukoni mwa kijana kama yule wa Magongo, na akitaka kujua ana nini, ama amwamini sonara wa kisiwani, ama asafiri. Voi imejengewa kituo cha vito, na wizara ya madini ina maabara yake Madini House, Nairobi. Ni mwanzo mzuri. Lakini kama kesho kaunti itafungua kituo cha kupimia vito Changamwe au Bombolulu, ambako walemavu wametengeneza mapambo kwa ufundi wa hali ya juu tangu 1969, ombi langu ni moja: kabla ya kukata utepe, waulizwe wahusika ni lini wataomba ithibati, kwa vipimo vipi, na nani atasawazisha mizani. Nimeona majengo mengi yakifunguliwa kwa ngoma na vyombo vikajaa vumbi kwa sababu hakuna aliyepangiwa bajeti ya kuvisawazisha. Usawazishaji ni gharama ya kila mwaka, na gharama ya kila mwaka haina picha gazetini.

Kwa sasa, mtu wa Mtongwe au Mtopanga aliyeshika jiwe na cheti afanye hivi. Asome kwanza uzito ulioandikwa, kisha alipime jiwe lake kwenye mizani ya karati mbele ya macho yake. Pasipo uzito na vipimo vya jiwe, asihesabu kwamba ana cheti. Atafute jina la maabara na anuani yake, apige simu, asome namba ya ripoti, aulize imeandikwa nini. Asitumie namba ya simu aliyopewa na muuzaji. Kama maabara ni ya hapa nchini na inadai ithibati, orodha ya waliopewa ithibati pamoja na mawanda yao iko kwenye tovuti ya KENAS, na mhudumu wa duka la intaneti la mtaa wowote anaweza kumfungulia. Kama jiwe ni la thamani ya kuuzia shamba, alipie mwenyewe upimaji wa pili, kwa maabara aliyoichagua yeye, na jiwe lipelekwe na mtu wake. Muuzaji halali huandika kwenye risiti kwamba mauzo yanategemea jibu la maabara, na wapo masonara wa mji huu wanaokubali hilo bila kununa. Anayekataa kuandika sentensi hiyo amekwisha kutoa jibu lake.

Na maabara ikikosea? Kiwango kile cha 17025 kinailazimu kupokea malalamiko, kuyachunguza kwa kumtumia mtu ambaye hakuhusika na kipimo chenyewe, na kumpa mlalamikaji majibu. Ikinyamaza, barua iende KENAS, nakala ya ripoti na picha za jiwe zikiambatanishwa, uzito ukiwa umeandikwa juu kabisa.